Sababu ya Kuja

Safu ya nne ya daftari imeandikwa: Sababu ya kuja.
Wageni hujaza utalii, au utafiti.
Mmoja aliandika fungate, akakata, akaandika utalii.
Bi Sumie aliandika: Kuamkia.

Kumwamkia nani? nikauliza.
Hapa magofuni Manda tupo mimi, kenge,
na mbuzi wa Bunu wanaoruka ukuta.
Akajibu kwa Kiswahili chake cha kamusi,
kila silabi imepigwa pasi:
“Nimesikia mna joka katika nyumba ya sala.”

Astaghafirullahi.
Nusura nimrudishie pesa ya tiketi.

Lakini lipo. Nalijua mwaka wa kumi na saba huu.
Chini ya birika la udhu, kata zilipokuwa zikigonga,
waashi walipachika sahani ya kaure
ili chokaa isichimbuke.
Juu yake, kwa buluu ya wanja uliochujuka,
joka: ndevu, magamba, macho ya kamba wa baharini,
na miguu mitatu.
Wa nne kaung'oa mtu kwa kisu, kabla sijaajiriwa.
Kila mwaka naueleza kwenye ripoti.
Kila mwaka ripoti inapokelewa.

Alivua viatu mbali kuliko ubao unavyoagiza.
Akafungua chupa ya maji ya dukani,
akanawa kushoto, kisha kulia, kisha akasukutua.
Sisi twaanza kulia, nikamwambia.
“Basi tutakutana mdomoni,” akasema.

Kwao ni milimani. Baba yake alitunza hekalu,
lango jekundu lisilo na mlango,
kamba nene ya mabua, na nyuma yake kisima
ambamo joka la mvua limekaa tangu enzi.
Mwaka wa ukame watu hupanda kulisalimu.
Hawaombi kwanza. Mtu haombi hajaamkia.
Sasa kijiji kina watu tisa,
ngazi zimeota kuvu, na magoti yake hayataki tena.
“Ila joka ni la maji,” akasema,
“na maji hayana kwao.”

Nikamkumbuka nyanya yangu, Mwana Tima,
usiku wa kupatwa mwezi,
juu ya sakafu ya dari, anapiga sinia kwa mwiko:
Tuwatiye mwezi wetu, nyoka mkuu, tuwatiye!
Mwezi hupatwa. Twasema hivyo hadi leo
na hatuulizi umepatwa na nani.

Bi Sumie akachutama ukingoni.
“Shikamoo,” akaliambia joka.

Neno tunalolitupa mlangoni pamoja na makubadhi!
Nashika miguu yako.
Nikajikuta naihesabu: mitatu.
Tukangoja.
Shikamoo isiyojibiwa ina uzito wake,
hata mtoto huuhisi, akaangalia vidole.

Kisha akaiinamisha chupa.
Ni marufuku kumwaga kitu chochote ndani ya jengo.
Ubao ule niliuandika mimi,
na “marufuku” nikaikosea, nikaipaka tena.
Nikageuka kuwatazama mbuzi.

Nilipogeuka tena buluu ilikuwa imeamka.
Magamba yalicheza. Na pale palipobanduka mguu,
kwa kuwa pana shimo,
maji yalijaa pale kwanza.

Bunu akapiga mluzi: mkondo unakauka,
mashine itakwama matopeni.
Akaondoka, viatu mkononi, hakugeuka nyuma.

Mvua haikunyesha siku ile, wala wiki ile,
nisikudanganye.
Nawe utakayenihukumu, tulia:
sijida yangu naijua iendako.
Lakini asubuhi, kabla ya kufungua lango,
nateremka na kata moja ya maji.
Mwenye kiu haulizwi dini.

Na jana, ukurasa mpya,
nilijaza jina langu, Lali Famau, kwa penseli
ifutike wakija wakaguzi.
Safu ya nne niliiacha tupu hadi adhuhuri.
Kisha nikaandika: Kuitikia.